Makao ya Nikeli na Dhahabu: Uchambuzi wa Madini kwa Hadubini, Ngara na Biharamulo

Mwamba uliochorongwa Kabanga, wilayani Ngara, huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la kiasi: una nikeli asilimia ngapi? Maabara ya kawaida hulijibu kwa kuusaga mwamba ukawa unga, kuuyeyusha kwa asidi na kuupima mmumunyo wake. La pili ni la makao: nikeli hiyo imekaa ndani ya madini gani, punje zake ni kubwa kiasi gani, na zimeshikana na nini? Hapo unga hausaidii sana, kwa sababu kusaga kumekwisha kuvuruga kile kinachotafutwa. Inabidi kipande kibaki kizima, king'arishwe, kiwekwe chini ya hadubini na kupimwa kemikali yake punje moja moja, mahali penye upana wa mikromita moja au mbili. Kazi hiyo ina wataalamu wake, na mtu anaweza kuifanya maisha yake yote ya ajira bila jina lake kufahamika nje ya maabara. Hata hivyo, katika wilaya mbili za Kagera, Ngara na Biharamulo, swali la makao limeamua mengi kuliko swali la kiasi.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka. Mlolongo wa miamba yenye magnesi na chuma kwa wingi unapita Musongati nchini Burundi na kuingia Tanzania hadi Kabanga. Nikeli ipo pande zote mbili. Musongati, mvua na joto vimeuozesha mwamba kwa mamilioni ya miaka ukawa udongo mwekundu wa lateraiti, na nikeli imesambaa ndani ya madini ya chuma na ya jamii ya serpentini. Haina punje yake yenyewe inayoweza kutengwa, kwa hiyo ni lazima udongo wote upitishwe kwenye moto au asidi. Kabanga, nikeli imeungana na salfa mbali chini ya ardhi na kujenga punje zake, na mtambo wa povu unaweza kuzikamata punje hizo na kuuacha mwamba mtupu. Metali ni ileile na mlolongo wa miamba ni uleule, ila gharama ya kuitoa haifanani hata kidogo.

Chombo kinachojibu swali la makao kilianzia kwenye fizikia. Mwaka 1913, Henry Moseley wa Uingereza alionyesha kwamba kila elementi hutoa mionzi ya eksirei yenye nishati yake maalumu, na kwamba nishati hiyo hupanda kwa utaratibu kufuata namba ya atomiki. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Ilibaki kupatikana njia ya kupiga mahali padogo tu, na aliyeipata ni Mfaransa Raimond Castaing, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa anga ya ONERA, chini ya uangalizi wa André Guinier. Tatizo lililomsumbua Guinier halikuwa la madini bali la aloi za alumini na shaba: ndani yake zilijitokeza chembe ndogo zilizoonekana kwa hadubini, lakini hakuna aliyeweza kusema zimeundwa na nini. Castaing alichukua mwale wa elektroni, akaukusanya kwa lenzi za sumaku hadi ukafikia upana wa mikromita moja hivi, akauelekeza kwenye chembe moja na kusoma eksirei zilizotoka.

Tasnifu yake ya mwaka 1951 haikuishia kueleza mashine. Sehemu yake iliyodumu zaidi ni hesabu. Eksirei inayozaliwa ndani ya punje humezwa kwa sehemu kabla haijatoka. Nyingine huamsha elementi za jirani zitoe eksirei zake. Na elektroni zenyewe hurudishwa nyuma kwa viwango tofauti kutegemea uzito wa atomi. Mtu akisoma tu nguvu ya eksirei na kuigeuza kuwa asilimia, anaweza kukosea vibaya. Castaing aliweka kanuni ya kulinganisha kila kipimo na kipande cha rejea chenye kemikali inayojulikana, kisha kusahihisha athari hizo tatu. Maabara za leo zinafanya hivyohivyo, ingawa kompyuta imerithi kalamu. Kampuni ya Cameca ilianza kuuza mashine za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanajiolojia wakawa miongoni mwa wateja wakubwa, kwa kuwa mwamba ni mkusanyiko wa punje ndogo ambazo hapo awali hazikuweza kuchambuliwa bila kuchanganywa na jirani zake.

Kazi yenyewe ya mchambuzi huanza mbali na mwale wa elektroni, kwenye meza yenye maji na tope. Kipande cha mwamba hukatwa kwa msumeno wa almasi, hubandikwa kwenye kioo kwa gundi ya epoksi, kisha hupunguzwa hadi unene wa mikromita 30, ambapo madini mengi hupitisha mwanga. Baada ya hapo husuguliwa kwa unga wa almasi unaozidi kuwa laini, hadi ule wa robo ya mikromita. Wanafunzi wengi huharibu kipimo hapa, saa nyingi kabla ya kukaa mbele ya mashine. Pirotaiti, madini ya chuma na salfa yaliyojaa Kabanga, ni laini kuliko olivini inayokaa jirani nayo. Mkono ukiwa mzito, pirotaiti hushuka na kuacha bonde, na eksirei zinazotoka kwenye ukingo wa bonde husafiri umbali tofauti na ule uliowekwa kwenye hesabu. Jedwali litatoka, tena lenye tarakimu nyingi baada ya nukta, lakini litakuwa na kosa ndani yake.

Kipande kikishang'arishwa hufunikwa kwa utando wa kaboni wenye unene wa nanomita 20 hivi ili umeme usijikusanye juu yake, kisha huingizwa kwenye chumba kilichoondolewa hewa. Mwale huwashwa kwa volti 15,000 hadi 20,000. Fuwele maalumu huchuja eksirei za elementi moja baada ya nyingine, na kila moja hupewa sekunde kadhaa za kuhesabiwa. Mwishoni mchambuzi hutazama jumla. Salfaidi safi, yaani madini ya metali na salfa, zikipimwa vizuri hukaribia asilimia 100. Jumla ya 98.5 au 101 huvumilika. Ikishuka hadi 94, kazi ya akili inaanza: huenda mwale umeangukia ufa, huenda madini yana maji, ambayo mashine haiyaoni kwa sababu haipimi haidrojeni, au huenda kuna elementi ambayo hakuna aliyeikumbuka kuitafuta. Mashine pia haitofautishi kwa urahisi aina mbili za chuma kulingana na chaji zake, na elementi ikipungua chini ya sehemu 100 kwa milioni hivi hupotea kwenye kelele. Mchambuzi mzoefu hutambulika kwa namna anavyozishuku tarakimu zake mwenyewe.

Kabanga ni mahali pazuri pa kuonyesha faida ya ushuku huo. Miili ya miamba yake ilianza kuchunguzwa kwa mpango katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, UNDP. Baadaye leseni ilipita mikononi mwa kampuni nyingi: Sutton Resources ya Kanada, Barrick iliyoinunua Sutton mwaka 1999, Falconbridge, Xstrata na hatimaye Glencore. Januari 2021, Serikali ilisaini makubaliano na Kabanga Nickel, ikaundwa Tembo Nickel ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Upembuzi yakinifu uliotangazwa mwaka 2025 unataja akiba ya takriban tani milioni 52 za mbale yenye nikeli inayokaribia asilimia 2, pamoja na shaba na kobalti. Kwa karibu nusu karne, basi, kila aliyeshika leseni alijua kwamba nikeli ipo. Kilichokuwa kikichunguzwa upya kila mara, pamoja na bei, umeme na barabara, ni jinsi inavyokaa na jinsi itakavyotoka.

Nikeli ya Kabanga inakaa hasa ndani ya pentlandaiti, madini ya rangi ya shaba iliyopauka ambayo karibu asilimia 34 ya uzito wake ni nikeli. Pentlandaiti hiyo haikuzaliwa peke yake. Salfaidi zilipokuwa bado kwenye joto la nyuzi mia kadhaa, nikeli, chuma na salfa zilikuwa fuwele moja. Zilipopoa, fuwele ilishindwa kuibeba nikeli yote, nikeli ikajitenga. Iliyojitenga mapema, joto likiwa bado linairuhusu kusafiri, ilijenga punje kubwa pembeni mwa pirotaiti. Iliyochelewa ilinaswa ndani ya pirotaiti yenyewe kama ndimi nyembamba za moto zenye upana wa mikromita chache tu. Kiasi kidogo hakikutoka kabisa, kikabaki kimetawanyika atomi kwa atomi ndani ya pirotaiti.

Makundi hayo matatu yanapimwa pamoja na kuitwa "asilimia 2 ya nikeli", ilhali mbele ya mtambo ni vitu vitatu mbalimbali. Punje kubwa huachana na jirani zake mwamba unaposagwa, na povu huzinasa. Ndimi za mikromita chache huhitaji kusagwa kwa umeme mwingi hadi unga uwe laini kupita kiasi, na unga laini mno haushikiki vizuri na povu. Zile atomi zilizotawanyika hazipatikani mpaka pirotaiti nzima ichukuliwe. Mfano wa kukokotoa unatosha: mbale yenye nikeli asilimia 2, ambayo asilimia 80 yake ni pirotaiti, na pirotaiti hiyo ina nikeli asilimia 0.5 tu, imeficha asilimia 0.4 nje ya pentlandaiti. Hiyo ni moja ya tano ya nikeli yote. Tarakimu 0.5 haisomeki kwenye unga uliochanganywa. Inasomwa kwa mwale, kwenye pirotaiti safi, mbali na ndimi zake. Mpimaji akigusa ulimi mmoja bila kujua, tarakimu hupanda mara kadhaa na makadirio ya mtambo wa mamilioni ya dola huyumba.

Kwa nini Kabanga kuna pirotaiti nyingi hivyo? Jibu lilihitaji aina nyingine ya kipimo. Mwaka 2010, Wolfgang Maier na wenzake walichapisha uchunguzi wa kina wa miamba ya Kabanga, ukiwemo uwiano wa isotopu za salfa. Salfa iliyotoka moja kwa moja ndani ya dunia, chini ya gamba, huwa na uwiano unaokaribia sifuri katika kipimo kinachotumika. Ya Kabanga imezidi sana, zaidi ya 10 kwa elfu, kuelekea upande wa salfa nzito, na hiyo ni sifa ya salfa iliyowahi kupita baharini na kuzikwa kwenye matope ya kale. Maana yake ni kwamba magma ilipokuwa ikipanda ilikula miamba ya mashapo iliyokuwa njiani na kuipora salfa yake. Salfa hiyo ya ziada ilitengeneza salfaidi nyingi mno kulinganisha na nikeli iliyokuwapo, nikeli ikagawanywa kwa wengi. Ndiyo sababu Kabanga ina mwili mkubwa wa salfaidi, na ndiyo sababu salfaidi hizo, zikilinganishwa na za machimbo mengine maarufu ya nikeli duniani, zina nikeli kidogo kwa kila tani. Neema na kasoro ya Kabanga vina chanzo kimoja.

Olivini nayo hutoa ushahidi. Madini haya ya kijani hupenda nikeli na huichukua mapema magma inapoanza kuganda. Lakini matone ya salfaidi yakiwepo, huinyang'anya olivini nikeli karibu yote. Kwa hiyo mtafiti anayekutana na mwamba wa aina hii kwenye vilima vya Ngara, ambao hauna salfaidi hata punje, anaweza kupima olivini yake: ikiwa ina magnesi nyingi lakini nikeli pungufu, kuna matone yaliyopita na kutua mahali fulani. Hili ni mojawapo ya matumizi mazuri zaidi ya kazi hii, kwa kuwa linaelekeza uchorongaji kwa kupima kitu ambacho hakipo.

Umri wa miamba ulihitaji mashine ya kizazi cha pili. Castaing pamoja na mwanafunzi wake Georges Slodzian walitengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chombo kinachopiga punje kwa ioni badala ya elektroni na kuzipima atomi zinazong'olewa. Kutokana na wazo hilo zilizaliwa mashine kama SHRIMP ya Canberra, Australia, iliyotengenezwa na kundi la William Compston, ambayo inaweza kupima urani na risasi ndani ya doa moja la zirkoni, fuwele ndogo inayohifadhi umri wa mwamba. Luc Tack na wenzake walitumia njia hiyo na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba miamba ya mlolongo wa Kabanga na Musongati, pamoja na granaiti za jirani, ilipenya ardhini miaka milioni 1,375 iliyopita, wakati gamba la dunia likivutwa na kupasuka. Granaiti zinazohusishwa na bati la Karagwe na Rwanda ni za baadaye, karibu miaka milioni 986. Kabla ya vipimo hivyo, matukio hayo mawili yalikuwa rahisi kuwekwa kwenye fungu moja.

Biharamulo ni dunia nyingine. Dhahabu yake imo kwenye miamba ya kale ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, yenye umri unaokaribia mara mbili ya ule wa Kabanga. Kwa volkano za kale za ukanda wa Sukuma, Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata mwaka 2003 umri wa miaka milioni 2,823, wakitumia uwiano wa samari na neodimi. Mwaka 2006 Manya, akiwa na Maboko na wenzao wa Japani, alichapisha umri wa miamba ya Musoma na Mara kwa kupima zirkoni kwa mwale wa ioni. Sospeter Muhongo, wa chuo hichohicho, naye aliwahi kuchapisha mwaka 2001, pamoja na Alfred Kröner na Alexander Nemchin, umri wa zirkoni za mashariki mwa Tanzania zilizopimwa kwa SHRIMP.

Njia walizopita wasomi hao zinafundisha jambo kuhusu taaluma hii Afrika Mashariki. Sampuli hutoka nyumbani, hukatwa na kuchunguzwa kwa mwanga nyumbani, kisha husafiri Australia, Japani au Ulaya kwenda kukutana na mwale. Mtafiti husafiri nazo, hupewa siku zake za mashine, na hurudi na jedwali. Dodoma imekuwa na idara ya jiolojia tangu 1925, Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1974, na kituo cha kikanda cha madini kilichopo Kunduchi kina mizizi yake mwaka 1977. Mafunzo ya msingi, basi, yapo. Kinachogharimu ni kuitunza mashine: umeme usioyumba, chumba chenye joto lisilobadilika, vipande vya rejea vinavyoaminika, na fundi anayekaa na mashine hiyo miaka hadi akaijua tabia. Fundi wa namna hiyo ni adimu kuliko profesa.

Hapana budi kusema pia kwamba wawili kati ya waliotajwa waliishia Wizara yenye dhamana ya madini. Muhongo alikuwa Waziri wa Nishati na Madini. Manya aliteuliwa Naibu Waziri wa Madini Desemba 2020, majuma machache kabla makubaliano ya Kabanga hayajasainiwa. Nchi ambayo watu wanaoweza kusoma zirkoni ni wa kuhesabika huwaita haraka mezani, na maabara hubaki na pengo.

Uzito wa vipimo katika siasa ulionekana wazi Mei 2017, katika sakata la makinikia. Rais John Magufuli alikuwa amezuia makontena 277 ya mchanga wa madini ya shaba na dhahabu kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kamati ya wataalamu chini ya Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilisema imekuta wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, dhidi ya takriban 200 zilizokuwa zikitajwa. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi hiyo, ilikataa matokeo hayo. Uteuzi wa Muhongo ulitenguliwa siku ileile ripoti ilipotolewa. Mgogoro ulimalizwa na Barrick, mwanahisa mkuu wa Acacia, kwa makubaliano yaliyotangazwa Oktoba 2019: malipo ya dola milioni 300, kampuni ya ubia ya Twiga, na hisa asilimia 16 kwa Serikali, kiwango kilekile kilichokuja kutumika Kabanga. Kwa upande wa sayansi, jambo la kushangaza ni jinsi swali la uchukuaji sampuli lilivyopewa nafasi ndogo kwenye mjadala wa hadhara, ingawa kwa dhahabu hapo ndipo makosa makubwa hutokea.

Sababu yake ni uzito wa dhahabu. Maabara nyingi hupima dhahabu kwa kuyeyusha gramu 50 za unga pamoja na risasi kwenye tanuru. Punje moja ya dhahabu yenye kipenyo cha nusu milimita ina uzito wa miligramu 1.2 hivi. Ikiangukia kwenye gramu hizo 50, majibu yataonyesha karibu gramu 25 kwa tani. Ikiangukia kwenye fungu la pili lililochotwa kutoka mfuko uleule na kupelekwa maabara nyingine, la kwanza litaonyesha sifuri. Maabara zote mbili zimepima sawasawa na majibu yanapingana. Mchambuzi wa hadubini huingia kabla ya ugomvi huo: huangalia ukubwa wa punje za dhahabu kwenye mwamba na kueleza ni kilo ngapi zichukuliwe ili sampuli iwe ya haki.

Mgodi wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005 ukimilikiwa na Barrick kwa asilimia 70 na kampuni ya MDN ya Kanada kwa asilimia 30. Mwishoni mwa mwaka 2013 uliuzwa kwa shirika la umma STAMICO kwa dola milioni 4.5, na kampuni tanzu ya STAMIGOLD ikauendesha kwa jina la mgodi wa Biharamulo. Mgodi unaobadilisha mikono namna hiyo huacha kitu ambacho hapo awali hakikuhesabiwa mali: visusu, yaani unga wa mwamba uliobaki baada ya kuchenjuliwa. Iwapo vina dhahabu ya kurudiwa ni swali la makao tena. Dhahabu iliyo huru, iliyofichwa tu na usagaji mbaya, itatoka ikisagwa upya na kuwekwa sayanidi. Iliyofungwa ndani ya pairaiti au asenopairaiti, wakati mwingine kwa namna isiyoonekana hata kwa hadubini ya mwanga, haitatoka mpaka salfaidi ivunjwe kwa moto, presha au bakteria.

Wachimbaji wadogo wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Mbale kutoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupitishwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mwalo, na zebaki hushika dhahabu iliyo huru. Mara nyingi zaidi ya nusu hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, ambayo mwenye mtambo wa sayanidi huyanunua kwa bei ya chini na kufaidika zaidi ya mchimbaji mwenyewe. Mwenye marudio huuza kwa kukadiria, mnunuzi amepima. Huenda hakuna mahali ambapo kipande kimoja kilichong'arishwa kingemletea mtu wa kawaida faida ya haraka kuliko hapo, lakini huduma hiyo imebaki ya kampuni kubwa. 

Mkoa wa Kagera una nafasi yake hata katika uchambuzi wa vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ufuaji chuma wa Wahaya, wakitumia matanuru yaliyochimbuliwa magharibi mwa Ziwa Victoria na majaribio yaliyofanywa na wazee waliokumbuka kazi hiyo. Mavi ya chuma yaliyokatwa na kutazamwa kwa hadubini yana fayalaiti na oksidi ya chuma, na mpangilio wake hueleza joto na hewa ya tanuru. Hoja yao kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa ilipingwa na wataalamu wengine, na ubishi huo ulisukuma mbele utafiti wa ufuaji chuma barani kote.

Ngara ni wilaya ya mpakani, na hilo limeleta kazi ambayo waanzilishi hawakuiwazia. Rusumo hupitisha mizigo ya Rwanda, na Kabanga hupitisha ya Burundi, na miongoni mwa mizigo ya ukanda huu ni bati, tantali na wolframu. Katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya jiosayansi ya Ujerumani, BGR, ilianza kutengeneza njia ya kutambua asili ya madini ya tantali kwa kupima punje zake: madini gani yameambatana nayo, elementi adimu zimo kwa kiasi gani, na umri wake ni upi. Tantali ya Maziwa Makuu ina umri unaokaribia miaka bilioni moja, ilhali ya Msumbiji ni ya miaka milioni 500 hivi, kwa hiyo kuzitenganisha si kazi ngumu. Ugumu huanza kwa vilima viwili vya ukanda uleule vilivyozaliwa na granaiti za wakati mmoja. Hapo ushahidi wa maabara hutumika kuthibitisha au kutilia shaka nyaraka za mzigo, si kuchukua nafasi yake, na mfuko uliochanganywa kutoka mashimo mengi huishinda njia hii kwa urahisi.

Mgodi wa Kabanga utakapoanza, pirotaiti ambayo povu imeiacha italazwa kwenye bwawa la visusu. Pirotaiti ni miongoni mwa salfaidi zinazooza haraka zaidi zikikutana na hewa na maji, na mazao yake ni asidi inayoyeyusha metali nyingine. Maji ya Ngara huenda Ruvubu na Kagera, na Kagera huishia Ziwa Victoria. Ili kujua bwawa litatoa asidi kiasi gani, hupimwa salfaidi zilizobaki dhidi ya kabonati na madini mengine yanayoweza kuizima, pamoja na ukubwa wa punje na kama zimefunikwa na kitu kingine. Hakuna kipimo kinachotosha mara moja, kwa kuwa mbale hubadilika kadiri mgodi unavyoshuka. Vipande hukatwa, hung'arishwa na kupimwa upya kila awamu, na baada ya mgodi kufungwa huendelea kupimwa kwa miaka mingi.